Mioyo Mizuri ya Ami Kombo

Daktari wa macho aliniangalia kupitia kile chombo chake, akaniandikia miwani, kisha akaniambia: "Bi Rukia, macho haya yamefanya kazi ya watu watatu. Yapumzishe." Nilitaka kumwuliza hao wengine wawili walikuwa wapi siku zote hizo. Ndivyo nilivyostaafu, ningali katika miaka ya arobaini, umri ambao wanawake wenzangu ndio kwanza wanaanza kuringa.

Talib na Mwanaidi, ninyi mnaobaki pale juu karakanani, mmenisumbua mpaka nimekubali kuandika. Sharti langu ni moja: msiniulize habari za vyeo. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu cha maana, nacho ni kukaa karibu na feni. Nilikipigania, nikakipata, na kuanzia leo kipiganieni ninyi.

Kabla ya kazi hii ya vibanio nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nilimaliza kidato cha nne nikaona dunia ni kubwa, nikaanza kuizunguka bila kutoka Unguja. Nimepokea wageni hotelini Bwejuu. Nimetembeza watalii Kizimbani, nikiwanusisha majani ya mdalasini na kuwasimulia mambo ambayo nusu yake niliyabuni njiani. Nimekaa dirisha la mizigo bandarini Malindi. Kila mahali, msimu mmoja ukiisha, nyayo zinaniwasha. Hata sasa nikipita Bwejuu moyo unaniuma kidogo, na nikikaa huko wiki moja unaniuma kwa kutaka kuondoka.

Kitu nilichotembea nacho kote ni sindano. Bibi yangu alinifundisha kushona kofia za viua, zile zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, nami nilishona popote nilipokaa, hata pale bandarini, chini ya meza, watu wakidhani natafuta risiti zao.

Hapo dirishani ndipo aliponikuta Injinia Suleiman. Alikuja kuchukua kisanduku kilichotoka ng'ambo. Badala ya kugombana kama wateja wengine, aliinama akachungulia mapajani mwangu.

"Samahani, dada. Hiyo kofia unashona wewe?"

"Inajishona yenyewe. Mie naishika tu isianguke."

Akacheka. "Kiua kimoja unakizungushia nyuzi ngapi?"

"Inategemea kichwa cha nani."

Akaniambia nikitoka kazini nipite kwake, orofa ya juu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, nikaone anachokitengeneza. Nilikwenda nikidhani ni kofia.

Siku ya kwanza aliniwekea mezani kidude cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole changu cha mwisho, chenye mikono miwili inayofunguka na kufumba. Akanieleza, na maelezo yale sijapata kuyasikia vizuri zaidi kwa mtu mwingine. Moyo una milango. Mmoja wao, upande wa kushoto, una mapazia mawili ya nyama nyembamba. Damu ikienda mbele mapazia yanafunguka, moyo ukikaza yanakutana ili damu isirudi. Mtu akizeeka, au moyo ukitanuka, mapazia hayakutani tena. Damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji, na mtu anahema kama aliyepanda ngazi ilhali amekaa kitini. Dawa ya zamani ni kupasua kifua. Kibanio chetu kingepita kwenye mrija mrefu kupitia mshipa wa paja, kifike mpaka moyoni, kiyashike mapazia mawili katikati na kuyabana pamoja.

"Na moyo mnausimamisha kwanza?" nikamwuliza.

"Hatusimamishi. Unapiga vilevile."

"Yaani unashona kofia mtu kaivaa, tena anakimbia."

"Naam. Na taa imezimwa."

Nikaacha dirisha la mizigo wiki ileile. Mama yangu alipouliza kazi mpya ni ya nini, nikamwambia natengeneza vibanio. Akasema, alhamdulillahi, vya nguo au vya nywele?

Injinia Suleiman alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza vifaa vya moyo. Alirudi nyumbani kwa sababu ya mama yake, akawashawishi wakubwa wake wamwachie karakana ndogo hapa. Wao waliyeyusha na kukata chuma. Sisi tulibuni umbo la mikono, vijino vya ndani vinavyong'ata pazia lisiteleze, na vazi la kitambaa linalokivika kibanio. Tunachora, wanatuletea, tunavika, tunajaribu, kinashindwa, tunachora upya. Nimelieleza kwa mstari mmoja. Maisha yangu mengi yamo ndani ya lile neno "kinashindwa".

Vyombo vyangu vilikuwa hadubini, vibano viwili na sindano nyembamba ambayo ikianguka sakafuni huitafuti, unaisamehe. Chai ilikuwa haramu mezani. Jasho pia lilikuwa haramu, lakini kaskazi haikuwa na habari.

Injinia alinifundisha kwa kutupa. Kibanio cha kwanza nilichokivika nilikishona kwa mshono wa kofia, uzi umekazwa, kitambaa kimenyooka kama kimepigwa wanga. Nilikiona kizuri. Alikitazama kwenye hadubini muda mrefu, akasema, "Mashaallah," akakitia kwenye ndoo ya taka.

"Kofia unaishona ionekane," akaniambia. "Hii unaishona ifunikwe. Nyama ya moyo inatakiwa iingie kwenye kitambaa hiki, iote juu yake, mpaka mtu asijue chuma kilikuwa wapi. Ukikaza hivi itapita wapi?"

Ilinichukua muda kujifunza kushona kilegevu kwa makusudi. Jaribuni, mtaona. Mkono uliozoea kukaza una kiburi chake.

Sasa nifike kwenye mioyo, maana ndiyo inayonifanya niandike.

Kibanio lazima ukijaribu kwenye moyo wenye nyama kabla hujathubutu kumkaribia mtu. Wenzetu ng'ambo hutumia mioyo ya nguruwe, inayofanana mno na ya binadamu. Injinia alipolitaja hilo nilimtazama tu. Akasema, "Nnajua, nnajua." Tukaenda kwa ng'ombe. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni wadogo, mioyo yao haiko mbali sana na inayotakiwa.

Mchinjaji wetu alikuwa Ami Kombo, mwenye bucha uchochoroni nyuma ya karakana, mtu wa heshima zake, kanzu nyeupe mpaka unajiuliza anauzaje nyama. Shida ya kwanza ilikuwa mkaguzi wa nyama. Kila moyo anaupasua kutazama minyoo, na moyo uliopasuliwa kwetu ni kitoweo tu. Injinia alikwenda kumweleza, akarudi akiwa amekubaliwa kwamba yetu ipasuliwe upande wa kulia pekee. "Kaniuliza mara tatu kama nina akili timamu," alisema. "Mara ya tatu nlisita."

Ami Kombo akawa anatuwekea mioyo kila wiki. Tunaifunga kwenye beseni, tunaitia mabomba, tunasukuma maji ya chumvi kwa pampu ya tangi la samaki mpaka mapazia yanapiga kama yako hai. Kisha tunakata kamba zinazoyashikilia ili yavuje, tunapitisha mrija, tunabana, tunaacha pampu ifanye kazi siku kadhaa. Paka wa Malindi wote walitujua. Majirani waliamini tunafungua mgahawa wa mishikaki na tumekosa kibali.

Na kibanio chetu kilishika. Moyo baada ya moyo, kilishika. Tukakiita cha tisa, kwa kuwa nane vya mwanzo vilikwenda na ndoo. Tulipeleka picha ng'ambo, wakafurahi, wakasema baada ya majaribio yao wenyewe wataanza kukitia kwa watu wachache watakaokubali. Injinia akawa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Hapa ndipo anapoingia Bi Zuwena, mama yake. Mmemjua akiwa na nguvu, mkamwogopa, na mlifanya vyema. Wakati ule alikuwa anakaa orofa ya tatu na ngazi zimemshinda. Alikuwa na ugonjwa uleule tuliokuwa tukiufukuza: mlango wa kushoto unavuja. Alilala kwa kuegemea mito, miguu imevimba, akisema maneno manne anapumzika. Kwa Bi Zuwena kupumzika katikati ya sentensi ilikuwa adhabu kubwa kuliko ugonjwa.

Madaktari walikataa kumpasua kwa umri wake. Wakasema kipo kibanio cha kampuni nyingine, cha siku nyingi, kinatiwa kwa watu huko Bara Hindi, apelekwe. Bi Zuwena akakataa.

"Mwanangu anatengeneza vibanio," alisema, akapumzika, "mie nende nikatiwe cha jirani?"

Akawatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba yeye atangoja cha Suleiman. Waliopanda kwake wakitoka khitma wakaambiwa atangoja, waliotoka harusini wakaambiwa atangoja. Wakamwonea wivu, kila mmoja akaenda kumtazama mwanawe mwenyewe na kuona hana faida. Na Injinia, ambaye angepaswa kumkatalia, hakumkatalia. Alikuwa amekiona kikishika kwa macho yake. Akawaandikia wenzake ng'ambo wamfikirie mama yake katika watu wa mwanzo. Nami nilifurahi, nisijitie utakatifu hapa. Nilijiona tayari nikipita chini ya dirisha lake nikijua mshono wangu uko kifuani mwa mtu ninayemjua.

Mwaka huo Ami Kombo akaenda hija. Bucha akamwachia nduguye Makame, mtu wa maneno machache asiyejua sisi ni nani. Nikaenda nikamwambia nataka mioyo, akanipa mioyo, ikatosha.

Wa kwanza ulishika. Wa pili kibanio kilishika pazia moja, jingine likachomoka. Wa tatu kilishika vizuri, tukashangilia, na asubuhi tukakikuta kinaning'inia upande mmoja kama mlango uliovunjika bawaba. Tulilaumu pampu, tukailaumu chumvi. Tukaufumua uzi wangu wote na kuutazama, nikasimama kando kama mshtakiwa. Uzi ulikuwa sawasawa.

Injinia akaushika ule moyo wa tatu mkononi, akaukunjua. "Rukia, hebu shika."

Nikashika. Ulikuwa mkubwa, mlegevu, na mapazia yake laini kama kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Tukateremka sote wawili mpaka buchani. Injinia akamwuliza Makame kuna nini kilichobadilika.

"Hakuna," alisema Makame. "Nnakupeni inayokuja."

"Na Kombo?"

"Kombo alikuwa anakuchagulieni. Ya ndama na mitamba, iliyo safi. Ya ng'ombe wazee anatupa au anawauzia wenye mbwa." Akafuta kisu. "Hawezi kumpa injinia moyo mbovu. Ni aibu."

Nilimtazama Injinia, Injinia akalitazama gogo la kukatia nyama. Muda wote ule tulikuwa tunatengeneza dawa ya mioyo ya wazee na kuijaribu kwenye mioyo ya vijana, kwa sababu tulikuwa na mchinjaji mstaarabu. Tulizikata kamba za moyo mzima ili uvuje, tukaamini tumeshapata mgonjwa. Hakuna kitabu cha uhandisi kinachokuonya juu ya adabu ya Ami Kombo.

Kidogo nicheke, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Kisha nikakumbuka Bi Zuwena na ile mito yake.

Injinia alikawia siku mbili bila kwenda kwa mama yake. Alichora mikono mipya, mirefu zaidi, akaifuta, akachora tena, kama anayetaka kumaliza kazi ya miaka kabla ya sala ya adhuhuri. Nikamwambia, "Injinia, mama hangoji mchoro." Akasema twende pamoja. Nadhani alitaka shahidi, au mtu wa kumzuia kwenye ngazi asigeuke.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, Rukia. Umekuja kunipima?" Alikuwa ameegemea dirishani, midomo haina rangi. "Nataka kiwe kizuri, na ushone wewe."

Injinia akaanza kueleza habari ya mapazia na nguvu ya maji na umri wa ng'ombe. Bi Zuwena akamwacha aendelee mpaka mwenyewe akapotea.

"Suleiman. Sema Kiswahili."

"Mama, changu hakifai."

"Hakimfai nani?"

"Wewe. Hakitakushika. Twende Bara Hindi wakutie kile cha wale wengine."

"Sendi." Akapumzika. "Nshawaambia watu."

"Watu ntawaambia mimi."

"Utawaambia nini? Kwamba mwanangu," akavuta pumzi, "hajui kazi?"

"Ntawaambia hivyohivyo, mama. Ntasimama mlangoni niwaambie."

Sijapata kumwona mtu akisema neno zito namna ile kwa sauti ndogo vile. Yule aliyekuwa akitembea kama mwenye viatu vipya alikuwa amekaa sakafuni, mkono juu ya mguu uliovimba wa mama yake, na alama ya vidole vyake inabaki kwenye ngozi kila anapovinyanyua.

Bi Zuwena akanigeukia mimi. "Kwani moyo wangu mbovu, Rukia?"

Nikasema, "Mzee tu, Bi Mkubwa."

"Na hicho kidude chenu?"

"Bado kitoto. Kimezoea kucheza na ndama."

Nikamweleza habari ya Ami Kombo na mioyo yake mizuri. Akanitazama, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka pumzi ikamkatika kabisa, midomo ikawa rangi ya zambarau, Injinia akamwinua, mimi nikampepea kwa kitu cha kwanza nilichokishika. Dakika ile nilidhani nimemwua kwa mzaha. Pumzi iliporudi, kitu cha kwanza alichosema ni, "Kombo huyo. Hata babake alikuwa hivyohivyo." Kisha akafumba macho. "Haya. Nipelekeni kwa hao waliozoea wazee."

Walisafiri wiki ileile. Alishushwa ngazini kwa kiti, akilalamika njia nzima kwamba wanaomshusha hawajui kushusha.

Mimi nilibaki na karakana, na Ami Kombo akarudi hija. Nilikwenda kumpa mkono, nikamwambia, "Ami, kuanzia leo nataka mioyo mibovu."

"Astaghfirullah. Kwa nini?"

"Ndiyo tunayoitaka."

"Nkupe mibovu, wewe? Watu wakiniona watasema nini?"

"Ami, niwekee ile unayotaka kuitupa."

"Ya kutupa anakula mbwa, Bi Rukia. Nawe si mbwa." Akanuna kweli. Alituona tumemvunjia heshima kwa kutaka kukosewa heshima. Hatimaye tukapatana: atanipa mibovu, lakini kila wiki ataongeza na mmoja mzuri juu yake, ili nafsi yake itulie. Huo mzuri tuliupika. Mchuzi wa moyo mlioukuta pale siku ya Alhamisi, Talib, asili yake ni hiyo.

Ile mioyo mibovu ilitufundisha yote mnayoyajua leo. Mikono mirefu zaidi, ili ishike nyama ya kutosha. Vijino vifupi, kwa kuwa pazia la uzee vijino vikali vinalichana. Kitambaa kipana ukingoni ili mzigo usikae mahali pamoja. Cha kumi kilishindwa. Cha kumi na moja kilishindwa kwa namna mpya, tukakihesabu kuwa maendeleo. Kinachokaa mezani kwenu sasa kinashika mioyo mingi mibovu, lakini si yote, na msimruhusu mtu awaambie mingi inatosha. Sijaona kibanio chetu hata kimoja kikiingia kwa binadamu. Nimestaafu kazi ambayo haijatoka mlangoni, na watu wakiniuliza nimetengeneza nini maisha yangu, nawaambia vibanio, nawaachia wachague vya nguo au vya nywele.

Simu kutoka Bara Hindi ilikuja nikiwa kwenye hadubini. Injinia alisema, "Kimeshika." Nyuma yake nilisikia sauti ikimwamuru mwuguzi kwa Kiswahili afungue dirisha, sentensi ndefu, haina pumziko hata moja.

Siku mliyonifanyia dua ya kuniaga, mlimwona Bi Zuwena akipanda ngazi zetu kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na feni bila kuuliza ni cha nani. Lakini mlikuwa mnapakua pilau, hamkuyasikia haya. Wanawake wawili wa mtaa walimfuata wakimpongeza Injinia kwa kibanio chake kilichomponya mama yake. Injinia akawa mwekundu.

Walipoondoka akainama. "Mama, umewaambia ni changu?"

"Nimewaambia mwanangu kanitia kibanio. Hukunitia? Nani kanibeba mpaka huko?"

"Lakini kile si changu, mama. Ni cha wale wengine."

"Nnajua cha nani. Mie sikuzimia." Akamega nyama. "Yule daktari wa huko kasema mlango bado unavuja kidogo. Kwa sasa si kitu. Ukizidi, pembeni ya kile pana nafasi ya kingine. Kataka kuniandika kabisa, nirudi akitie."

"Ukamwambiaje?"

"Nlimwambia aiwache hiyo nafasi," alisema Bi Zuwena. "Ile ina mwenyewe, bado anashona chake."